Chumba cha Nairobi ni Kama Miraa: Taja Bei Yako Kabla Hakijalala

Ukikulia Muthara, huhitaji digrii ya masoko kuelewa bei. Mimi ninayo hiyo digrii, na bado somo bora la bei nililipata nikiwa mdogo, nikiangalia miraa ikichumwa asubuhi, ikifungwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye Hilux ambayo haina muda wa kusalimia mtu. Kila mtu pale anajua kwamba bunda la leo lina bei ya leo. Likilala, limelala. Kesho utamtafuta mtu wa kulichukua kwa bei yoyote, na huenda usimpate.

Sasa fikiria chumba cha hoteli pale Nairobi. Usiku wa leo kisipopata mgeni, usiku huo hautauzwa tena kamwe. Umeme wa korido umewaka, askari wa geti amelipwa, shuka zimefuliwa, na pesa haikuingia. Hiyo ndiyo sababu bei unayoiona kwenye tovuti si sheria. Ni ombi tu, nawe una haki ya kutoa ombi lako.

Huko Marekani walifanya jambo hili kuwa biashara kubwa. Priceline ilianza mwaka 1998 na mtindo wa mteja kutaja bei yake mwenyewe: unasema unataka hoteli ya nyota kadhaa, mtaa fulani, tarehe fulani, na uko tayari kulipa kiasi hiki. Hoteli ikikubali, kadi yako inakatwa papo hapo. Jina la hoteli unalijua baada ya kulipa, na kurudishiwa pesa ni ndoto. Watu waliokoa pesa nyingi hivyo, lakini kampuni yenyewe baadaye iliachana na mtindo huo. Kampuni hiyo ndiyo iliyonunua Booking.com mwaka 2005, na mwaka 2018 ikabadili jina lake kuwa Booking Holdings. Ukitaka kuona mtindo wa kutaja bei ukifanya kazi hapa kwetu, fungua inDrive ukiwa Nairobi: abiria anataja nauli, dereva anakubali au anaongeza kidogo.

Maoni yangu ni haya, na najua wenzangu wa masoko watanipinga: kwa mtu wa Meru anayeenda Nairobi na simu yake na pesa yake ya M-Pesa, kununua chumba bila kujua jina la hoteli ni hatari isiyo na faida. Mtu anayeishi Nairobi anaweza kucheza huo mchezo. Wewe unayeshuka pale Tea Room saa moja jioni na begi na mgonjwa, huwezi. "Karibu na hospitali" kwenye ramani inaweza kuwa upande wa pili wa foleni ya magari itakayokula saa mbili zako. Mnada wetu lazima uwe wa aina nyingine, ule ambao unamjua muuzaji kabla hujatoa pesa.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuumia.

Mwaka jana mama yangu alipewa tarehe ya kuonana na daktari Nairobi, Jumanne saa mbili asubuhi. Mimi ndiye msomi wa nyumbani, kwa hivyo kazi ya kutafuta malazi ikawa yangu. Nikapata tangazo kwenye Facebook: chumba safi, maji moto, dakika tano kwa miguu hadi hospitali, shilingi 2,000 kwa usiku. Nikaomba wapunguze, wakakubali 1,800 haraka sana. Haraka hiyo ingenishtua, lakini nilikuwa najipongeza. Wakasema nitume nusu ya siku mbili kama dipoziti ili chumba kishikwe. Nambari ilikuwa ya mtu binafsi, jina la mtu likatokea kwenye skrini, nikauliza, nikaambiwa "huyo ni cashier wetu." Nikatuma 1,800.

Tulifika usiku. Jengo lipo kweli, lakini chini ni duka la vipuri na juu ni ofisi zilizofungwa. Nikapiga simu: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena kama mara kumi. Mama hakusema kitu. Alikaa juu ya begi na kujifunga leso vizuri mabegani. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Hoteli tuliyoingia baadaye ilitutoza 4,500 kwa usiku. Nilijaribu kuomba bei. Yule wa mapokezi alimwangalia mama, akaangalia saa ukutani, akasema bei ni hiyo. Alikuwa sawa. Na hapa ndipo niliposahau nusu ya somo la miraa. Ni kweli chumba chake kilikuwa kinaelekea kulala bure, lakini na usiku wangu pia ulikuwa unaisha, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wale wanaokushauri eti subiri usiku mwingi uingie hotelini ukadai bei ya chini, hawajawahi kusafiri na mzazi mgonjwa. Nguvu ya kuomba bei inatoka kwa ile hoteli nyingine ambayo uko tayari kuiendea. Kama haipo, umeshapoteza.

Safari ya pili nilifanya tofauti. Tarehe ilikuwa Jumatatu, kwa hivyo tulihitaji usiku wa Jumapili na wa Jumatatu. Hilo lenyewe lilikuwa bahati: hoteli nyingi za Nairobi zinaishi kwa watu wa semina na mikutano, wanaokuja katikati ya wiki. Wikendi hadi Jumapili usiku vyumba vinabaki. Pwani ni kinyume, huko wikendi na likizo za shule ndiyo msimu, na Desemba usijisumbue kuomba kitu. Vilevile angalia kama kuna mkutano mkubwa mjini. Septemba 2023, siku za Kongamano la Tabianchi la Afrika pale KICC, hukuwa wakati wa kumtajia mtu wa hoteli za katikati ya jiji bei yako ya Muthara.

Siku nane kabla, nilifungua tovuti ya kuhifadhi vyumba, si kwa kulipa, bali kwa kujua bei ya soko. Nikachagua hoteli tano za kiwango kimoja, zote mwendo mfupi kutoka hospitalini. Bei zilikuwa kati ya 3,500 na 4,200. Nikatafuta nambari ya simu ya kila moja kwenye ramani ya Google na kwenye tovuti zao wenyewe, halafu nikazitumia zote ujumbe mmoja kwa WhatsApp:

"Habari. Natafuta chumba cha watu wawili, vitanda viwili, Jumapili na Jumatatu, ghorofa ya chini au penye lifti. Bajeti yangu ni 2,800 kwa usiku pamoja na kiamsha kinywa na kodi zote. Nikipata jibu leo nitalipa leo kwa Till ya hoteli."

Basi. Huo ndio mnada wangu wa mtandaoni, hauna programu wala kadi.

Mbili hazikujibu. Moja ilisema hapana, kwa heshima. Moja ikasema 3,400. Ya tano, ambayo kwenye tovuti ilikuwa 3,800, ikasema 3,200. Niliwajibu kwamba nina ofa nyingine (ni kweli nilikuwa nayo, ingawa ilikuwa ghali zaidi, na hilo sikulitaja) na kwamba nikipewa 3,000 nalipa sasa hivi. Baada ya dakika ishirini: "Sawa, karibu."

Kwa nini walikubali? Si huruma. Tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba hukata hoteli kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 15. Kwa chumba cha 3,800, hiyo ni 570, hoteli inabaki na 3,230, tena pengine baada ya wiki kadhaa, na mgeni anaweza kughairi. Mimi nilikuwa nawapa 3,000 leo, mkononi, kwa Jumapili ambayo hawana watu. Ukijua hesabu ya mwenzako, hauombi tena kama maskini. Nilikuwa na bei ya kuanzia karibu robo chini ya bei ya tovuti. Ukianza nusu, wanajua unacheza na hawakujibu.

Yale maneno "pamoja na kodi zote" usiyaache. VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Chumba cha 3,000 "kabla ya kodi" kinakuwa 3,540 ukifika kaunta, na ushindi wako wote umeisha hapo.

Sasa kwa malipo, kwa sababu hapa ndipo mnada mzuri unageuka kuwa kilio. Kabla ya kulipa, nilipiga simu kwa ile nambari niliyoitoa kwenye tovuti yao, nikauliza: "Till yenu imesajiliwa kwa jina gani?" Nyamaza, waache wataje. Usiwasomee jina unaloliona wewe. Hoteli nyingi zina jina moja kwenye bango na jina lingine la kampuni kwenye Till, na hilo si kosa, mradi jina walilolitaja ndilo linalokuja kwenye skrini kabla hujathibitisha. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu, awe cashier, meneja au shemeji ya meneja, acha. Hata kama chumba ni cha bure. Kama hoteli inakubali ulipe ukifika, hiyo ni bora zaidi, hata kama bei inapanda kwa mia mbili.

Ukikosea nambari, ule ujumbe wa M-Pesa unautuma kwa 456 mara moja kuomba pesa irudishwe. Mara moja maana yake dakika hiyo hiyo. Wangu wa Facebook nilikumbuka asubuhi, na pesa ilikuwa imetolewa zamani.

Na tafadhali, usishindane bei kwa Fuliza. Unashusha chumba kwa shilingi 300 halafu unalipa ada ya kila siku wiki nzima mpaka mshahara uingie. Nimeona watu wa umri wangu wakifanya hivi na kuita ni ujanja.

Kuna kitu kingine nataka kusema, ingawa si cha malipo. Mama zetu pale soko la Muthara wanaweza kuteta bei ya debe la maharagwe mpaka jua lihame upande, na hakuna anayewaona ni washamba. Lakini ukiwaweka mbele ya kaunta ya marumaru na kijana mwenye tai, wananyamaza na kufungua kibeti. Sisi vijana pia. Tunaona kuomba bei hotelini ni kujianika kwamba hatuna pesa. Mwenye kampuni akileta wafanyakazi ishirini kwa semina, unadhani analipa bei ya ukutani? Halipi. Yeye anaita "corporate rate" na haoni haya.

Mpaka wangu ni mmoja: lojing ndogo ya River Road ya shilingi elfu moja sitetei nayo. Pale naomba shuka safi, maji moto na mlango unaofunga kwa ndani, na nalipa bei yao.

Tulipofika ile Jumapili jioni, jina langu lilikuwa kwenye kitabu, na risiti ya Till ilikuwa kwenye simu. Mama aliuliza ni pesa ngapi. Nikamwambia elfu tatu, badala ya elfu tatu na mia nane. Akapiga hesabu kichwani: mia nane mara mbili, elfu moja mia sita, nauli ya mmoja wetu kurudi nyumbani na kitu kinabaki. Kisha akamgeukia yule dada wa mapokezi na kumuuliza kama chai ya jioni nayo imo kwenye hiyo bei. Haikuwemo, lakini aliletewa.

Tarehe yake nyingine imekaribia, na safari hii ni Jumatano. Nimeshawaandikia. Wamejibu kwamba wiki hiyo wana kikundi cha semina na bei yao ya chini kabisa ni 3,600. Nimewaandikia hoteli nyingine nne na nimewapa mpaka Ijumaa jioni.