Programu Kukubali Si Kufaulu

Kaa na wanafunzi wa kompyuta wa Arusha, wawe wa Njiro, Tengeru au Usa River, utaisikia hoja hii: msimbo si insha. Hata wahandisi wakubwa huchukua vipande kwenye intaneti, hupachika, kisha huendelea na kazi. Kwa hiyo programu ikikubali, alama ni halali. Wazazi wanaiamini hoja hii, na walimu wengine wamechoka kuipinga. Ni ya uongo.

Mwajiri hulipia programu. Chuo hakiihitaji. Mwalimu anayeagiza programu ya kupanga majina kialfabeti hana majina ya kupanga. Anataka kujua kama mwanafunzi huyu anaweza kulifikia jibu kwa akili yake. Anayeleta faili la mwenzake hajajibu swali hilo, hata kama programu inafanya kazi bila kosa.

Na wahandisi wenyewe hawanakili ovyo. Leseni ya Linux inakuruhusu kuchukua msimbo, kuubadili na kuusambaza, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kuyaacha mahali pake majina ya wenye haki. Anayefuta jina la mwenzake juu ya faili na kuweka lake asijifananishe na watu hao.

Kukubali kwenyewe kunathibitisha kidogo sana. Horizon, programu ya hesabu ya posta ya Uingereza iliyotengenezwa na Fujitsu, ilikuwa ikifanya kazi kila siku. Kumbe ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wako waliofungwa na waliofilisika. Hapa kwetu programu zinatunza malipo ya watalii na kumbukumbu za wagonjwa. Fundi asiyeweza kueleza mstari alioutia jina lake ataligunduaje kosa la namna hiyo?

Mabwenini kudesa, yaani kunakili kazi ya mwenzako, kunaitwa kusaidiana, na anayekataa kutoa kazi yake anaitwa mchoyo. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kusaidiana kumewavusha wengi wetu. Kukesha na mwenzako mkitafuta kosa kwenye programu yake ni msaada wa kweli, na kanuni ziuruhusu waziwazi. Kumtumia faili saa sita usiku ni kumwacha. Katika vyuo vingi asaimenti na majaribio hubeba alama 40, na mtihani wa mwisho 60. Kwenye hizo 60 ataingia peke yake, na sapu, yaani mtihani wa marudio, ataifanya peke yake.

Vyuo navyo vina lawama. Kanuni zinatisha kwa adhabu, lakini usahihishaji unatazama faili tu. MOSS, programu iliyobuniwa na Alex Aiken mwaka 1994, hulinganisha kazi za wanafunzi na kuonyesha zinazofanana hata majina ya vigeu yakibadilishwa. Inasaidia, ila haiwezi kusema nani ameelewa. Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kupata msimbo ambao hauna mwenzake wa kulinganishwa nao.

Dawa ninayoiona ni utetezi wa ana kwa ana. Mwanafunzi akae mbele ya mwalimu na programu yake. Mwalimu afute mstari mmoja, amuulize kitatokea nini. Dakika tano zinatosha. Nusu ya alama za asaimenti zitoke hapo. Aliyesaidiwa, na mtu au na mashine, aandike alikosaidiwa wala asiadhibiwe kwa kusema kweli. Nitaambiwa madarasa ni makubwa. Basi zitolewe asaimenti tatu zenye utetezi badala ya kumi zisizo nao, na wasaidizi wa maabara wafundishwe kuuliza.

Walimu wa kompyuta wa Arusha, muhula ujao msimpe mwanafunzi alama ya programu asiyoweza kuieleza.