Inzi wa Ndizi na Sumu ya Kipindupindu

Ndizi zikiisha kuiva na kuanza kunukia uchachu, hawachelewi kutokea wale inzi wadogo wenye macho mekundu, wasiozidi milimita tatu. Mama wa nyumbani huwafukuza kwa kitambaa, wala hana kosa. Hata hivyo mdudu huyu amefugwa katika chupa za maabara tangu siku za Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye mwaka 1910 alipata inzi mmoja mwenye macho meupe, na kwa kuwafuatilia wazao wake akabainisha jinsi urithi unavyopitishwa. Siku kumi hivi zatosha yai kuwa inzi kamili. Tena, yapata robo tatu ya jeni za binadamu zijulikanazo kuhusika na magonjwa zina wenzi wao katika mwili wa inzi.

Kipindupindu hakihitaji kutambulishwa kwa watu wa Maziwa Makuu. Mwezi wa Julai 1994, huko Goma, kiliua maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Bakteria wake hawavamii ndani ya chembe za utumbo. Hujishikiza juu ya ukuta na kutoa sumu, nayo ni protini. Mwaka 1959 Sambhu Nath De wa Calcutta aliotesha bakteria hao katika maji, akayachuja hata asibaki hata mmoja, kisha akayatia katika utumbo wa sungura. Utumbo ukafura kwa maji vile vile. Ilijulikana baadaye kwamba sumu hiyo huacha wazi milango ya chumvi katika chembe. Chumvi humiminika nje, maji huifuata, na mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Je, sumu hiyo haina kazi nyingine? Hapo ndipo inzi alipoitwa kutoa ushahidi. Tangu mwaka 1993, kwa njia iliyobuniwa na Andrea Brand na Norbert Perrimon, wataalamu huweza kupandikiza jeni ngeni katika inzi na kuiamsha katika kiungo wakitakacho, mfano wa kuwasha taa ya chumba kimoja na kuacha nyumba nzima gizani. Annabel Guichard, Ethan Bier na wenzao, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliiamsha jeni ya sumu ya kipindupindu katika bawa.

Msomaji atastaajabu, maana bawa halina utumbo. Lakini bawa la inzi ni kama daftari. Ukingo ukimeguka au mishipa ikinenepa, mtaalamu hutambua ni amri gani iliyokatika kati ya chembe na jirani yake, kwa kuwa kasoro hizo zimeandikwa na kulinganishwa kwa muda wa miaka mia na zaidi. Dalili zilionyesha kwamba protini ziungamanishazo chembe hazifiki mahali pake. Mchukuzi wake, protini iitwayo Rab11, alikuwa amezuiwa njiani.

Ndipo wakauangalia utumbo wenyewe. Katika inzi, maungio ya chembe yaliharibika, rangi waliyolishwa ikavuja kupita ukuta wa utumbo, nao wakapungua uzito. Walipoongezewa Rab11, madhara hayo yalizuilika. Hali ya maungio kulegea ilionekana pia katika utumbo wa panya na katika chembe za utumbo wa binadamu zilizooteshwa maabarani. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2013. Basi sumu hufungua milango, na pengine papo hapo hulegeza kuta. Inzi si mtu, na ndiyo maana ushahidi wake haukukubaliwa peke yake.

Ugunduzi huo haujaleta dawa mpya kitandani kwa mgonjwa. Tiba ya kwanza ingali maji ya chumvi na sukari, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Pakiti za dawa hiyo zikikosekana, hupimwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Sukari haikutiwa kwa ajili ya ladha. Utumbo una mlango mwingine upitishao sukari na chumvi kwa pamoja, na mlango huo sumu ya kipindupindu haiufungi.