Sifa Hazinunui Petroli

Zahanati isiyofikika ni jengo tu, si huduma. Ukweli huu yafaa ukumbukwe na kila mtumishi wa umma anayekaa ofisini akihesabu zahanati na vituo vya afya, kisha akaandika katika taarifa yake kwamba wananchi wamefikiwa. Wananchi hawafikiwi kwa kuhesabiwa majengo. Wanafikiwa pale mama mwenye uchungu wa kuzaa, mzee aliyepooza miguu na mgonjwa asiyeona wanapofika mbele ya mganga wakiwa hai, tena kwa wakati.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na karibu theluthi mbili yao ni wakazi wa vijijini. Walio wengi kati ya hao hawana gari wala pikipiki, na wapo ambao hata wakipewa chombo hawawezi kukiendesha kwa sababu ya uzee, ulemavu au maradhi. Serikali imetoa msamaha wa gharama za matibabu kwa wajawazito, watoto walio chini ya umri wa miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Sera hiyo ni ya haki. Lakini msamaha huo unaanzia kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, hauanzii nyumbani kwa mgonjwa. Kati ya nyumba na dirisha hilo ipo barabara, na barabara ina nauli. Mzee anayeambiwa kwamba dawa ni bure, huku nauli ya kuifuata ikimshinda, amepewa haki nusu.

Kusaidiana safari si jambo geni katika nchi hii. Kabla ya pikipiki kujaa vijijini, majirani walimbeba mgonjwa kwa machela au juu ya kitanda, wakapokezana mabega mpaka barabara kuu. Hakuna aliyeuliza atalipwa nini, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba kesho zamu inaweza kuwa yake. Dereva wa leo anayeamshwa usiku wa manane kumpeleka jirani hospitali ni mrithi wa wale wabeba machela. Lakini ipo tofauti moja ambayo wengi hupenda kuifumbia macho: bega halinunuliwi mafuta, chombo kinanunuliwa. Tena vijana wengi wa bodaboda wanaendesha pikipiki za watu wengine, na kila jioni tajiri anadai hesabu yake, awe dereva amebeba abiria wa kulipa au mgonjwa asiye na senti.

Hapo ndipo unapoonekana unafiki wa baadhi ya watendaji. Katika mikutano ya hadhara huwasifu vijana hawa kwa moyo wa kujitolea, huwapigisha makofi na kuwaita mashujaa. Mkutano ukiisha, shujaa anarudi na tangi tupu. Kujitolea ni kutoa jasho na muda kwa hiari. Kumwachia maskini mmoja alipe peke yake gharama ambayo kijiji kizima kinapaswa kuichangia hakustahili jina hilo. Huo ni unyonyaji, hata ukifunikwa kwa maneno matamu. Matokeo yake yanajulikana: dereva mwema hubeba mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu huzima simu. Anayebaki njiani ni yule anayeongeza nauli maradufu akisikia mtu anaugulia. Kupe wa namna hiyo hustawi mahali ambapo watu wema wamechoshwa.

Wapo pia wanaosema kwamba jambo hili ni la Serikali peke yake, basi wananchi wakae wangoje gari la wagonjwa. Ni kweli kwamba magari hayo ni wajibu wa Serikali, na hapana budi yaongezwe. Lakini kutoka damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili. Gari lililoko makao makuu ya wilaya, huku mgonjwa akiwa ng'ambo ya mto uliofurika masika, haliwezi kumfikia katika muda huo. Je, mwenye chombo aliye nyumba ya tatu akae akitazama? La hasha!

Nchi hii tayari ina mfano wa kujifunza. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga katika miaka ya 2010, ulizinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma mwezi Aprili 2022. Utaratibu wake ni mwepesi. Mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga anapopata dharura, inapigwa simu ya bure namba 115. Mhudumu wa kituo cha mawasiliano huuliza dalili, akaona kama ni dharura, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana karibu, humwita dereva wa jamii aliyekwisha kuandikishwa na kupewa mafunzo. Mgonjwa akishafikishwa, mtumishi wa afya huthibitisha, na dereva hulipwa kwa simu. Mama halipi chochote.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba madereva peke yao ndio walioleta nafuu hiyo. Wapo wakunga, wapo madaktari, upo upasuaji uliosogezwa kwenye vituo vya afya, zipo dawa na damu salama. Lakini mkunga hawezi kumwokoa mama ambaye hakufika kwake.

Funzo la mpango huo ni kwamba dereva wa jamii hufanya kazi vizuri anapojulikana, anapopewa mafunzo, na anaporudishiwa gharama zake kwa wakati. Hayo matatu hayavunji moyo wa kujitolea; ndiyo yanayoufanya udumu. Dereva anayeacha usingizi wake saa nane za usiku bado amejitolea, hata kama petroli imelipwa na wengine.

Pamoja na hayo, m-mama ni ya uzazi na watoto wachanga. Bibi mwenye kisukari anayepaswa kuhudhuria kliniki kila mwezi hayumo. Mlemavu wa miguu hayumo. Mzee mwenye shinikizo la damu, anayeacha dawa kwa kukosa nauli mpaka siku anapoanguka, naye hayumo. Hao hawahitaji kungoja mpango mwingine wa kitaifa wala mfadhili mwingine kutoka ng'ambo. Taifa lililojifunza kujitegemea haliwezi kushindwa kumfikisha bibi kliniki.

Chombo cha kulitenda jambo hili kipo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, nacho ni Halmashauri ya Kijiji chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Halmashauri iandikishe madereva wenye leseni, bima na tabia njema, iwapangie zamu, na namba zao zibandikwe katika zahanati, shule na ofisi ya kijiji. Iorodheshe wazee, walemavu na wagonjwa wa kudumu pamoja na siku zao za kliniki, ili wanaokwenda njia moja wapelekwe pamoja. Mkutano Mkuu ukubali mchango na kiwango cha kurudishia mafuta kulingana na umbali. Kila shilingi iandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wananchi kila mkutano. Mama anayetoka damu asipandishwe pikipiki ikiwa gari au bajaji inapatikana, hata kama ni ya kijiji jirani.

Mwalimu ana nafasi kubwa katika kazi hii. Mara nyingi ni miongoni mwa wachache kijijini wenye chombo, na ndiye anayeaminiwa kutunza daftari. Naye asibebeshwe mzigo peke yake. Chombo chake kiingie katika zamu kama vyombo vingine, na mafuta yake yarudishwe. Mtendaji wa kijiji naye asingoje waraka kutoka wilayani. Kuhusu mtumishi anayelipeleka gari la Serikali sokoni au harusini huku zahanati ikihangaika kutafuta usafiri wa mgonjwa, huyo anaiba saa za uhai wa watu, na aadhibiwe kama mwizi mwingine yeyote.

Kabla mvua za masika zijazo hazijakata barabara, kila ofisi ya kijiji na iwe na orodha ya zamu ukutani na fedha ya mafuta ndani ya mfuko. Kiongozi atakayefika hapo kukagua asiulize kwanza zahanati ina vyumba vingapi. Aulize nani yuko zamu usiku huu, na kama tangi lake limejaa.