Sehemu kwa Kiingereza
Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hisabati ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wakati mtoto bado anahangaika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mpe 1/2 + 1/3: atajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, apate 2/5, jibu dogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Kosa hilo halichagui lugha. Wanaosoma kwa Kiswahili nao hulifanya. Tofauti ni kwamba huyu anayefundishwa kwa Kiingereza hana maneno ya kuuliza. Basi mwalimu akunje karatasi mafungu sita, watoto wahesabu matatu ya nusu na mawili ya theluthi, waione 5/6, wabishane kwa Kiswahili chao. Sentensi za Kiingereza zifuate. Nanyi wakaguzi, msimhesabie mwalimu huyo kosa kwa kuanza na Kiswahili.