UKIMWI: Tumewatupa Vijana, Kisha Tunawalaani



Ndugu Waislamu, UKIMWI ukitajwa katika mimbari zetu, aghalabu hutajwa kwa sentensi moja: ni adhabu ya wazinifu na wala unga. Khatibu akishasema hivyo huingia katika mada nyingine, na waumini huitikia "Amin". Sisi tunasema waziwazi kwamba huko si kulingania bali ni kukwepa jukumu.

Tuitazame Zanzibar yetu, ambayo takriban watu wake wote ni Waislamu. Wagonjwa wa mwanzo waligunduliwa mwaka 1986, na maambukizi kwa watu wazima kwa jumla yamebakia chini ya 1%. Tumeihesabu takwimu hiyo kuwa tunda la uchamungu wetu. Lakini uchunguzi wa mwaka 2007 hapa Unguja, miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya, ulikuta watu wapatao 16 katika kila 100 wana virusi. Hao ni watoto wa nani, kama si wa mitaa hii hii yenye misikiti? Na bomba la sindano wanalopokezana halimdhuru mdungaji peke yake. Virusi humfuata mkewe nyumbani, mwanamke ambaye pengine unga hajapata kuuona kwa macho, na humfuata mtoto tumboni.

Wapo wanaodai kuwa kumkaribia mla unga ni kuyaridhia maasi yake. Hoja hii ni dhaifu mno. Imam Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa ulevi, akapigwa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, na akamshuhudia mlevi yule kwamba anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilitekelezwa, laana ikakatazwa. Sisi adhabu hatuna mamlaka nayo; tumebakia na ile iliyokatazwa!

Wengine wanaipinga methadoni, iliyoanza kutolewa Zanzibar mwaka 2015, wakisema ni kilevi badala ya kilevi. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, humwondolea mgonjwa arosto, na haihitaji sindano. Kanuni ya kuchukua dhara iliyo ndogo ili kuepusha iliyo kubwa tunawasomesha wanafunzi wetu. Vipi tunaisahau kijana anapokufa?

Wala hatuzui jambo geni. Nchini Uganda, Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ilianza mwaka 1992 kuwafunza maimamu na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, wakawaendea watu majumbani mwao. Zina ilibakia haramu. Na ukweli wa maradhi ulisemwa vilevile. Mwaka 1998 shirika la UKIMWI la Umoja wa Mataifa liliitangaza kazi hiyo kuwa ya kuigwa. Nani katika maimamu wetu anawaambia waumini kwamba mwenye virusi akidumu na dawa zake mpaka virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mkewe katika tendo la ndoa?

Kamati zetu zinaweza kuchangisha fedha za mazulia na vipaza sauti kwa Ijumaa moja. Tunaziuliza: katika mafungu ya zaka na sadaka ya mwaka jana, ni kijana gani aliyelipiwa nauli ya kwenda kliniki kila asubuhi?