"Lete Takwimu, Dada": Takwimu Anazo Nani?

Makamanda, salaam kutoka Sumbawanga, huku ambako mwezi wa saba tunaandika tukiwa na makoti.

Wiki iliyopita kwenye kikao chetu cha vijana nilisimama nikasema sekta ya teknolojia inabagua wanawake, nikaeleza yaliyonikuta. Kamanda mmoja, mtu ninayemheshimu kabisa, akajibu: "Pole sana dada, lakini hicho ni kisa chako binafsi. Lete takwimu." Watu wakacheka. Nikakaa. Leo namjibu hapa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, nina meza yangu sokoni. Mteja anakuja, ananikuta nimeshika bisibisi, simu iko wazi mbele yangu, halafu ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Hilo nimeshalizoea. Lakini mwaka juzi niliitwa kwenye usaili wa kampuni moja ya mawasiliano iliyokuwa inatafuta mafundi wa minara ya ukanda huu, Laela mpaka Namanyere. Swali la kwanza halikuhusu umeme wala mitambo. Niliulizwa kama nimeolewa, na nikipata ujauzito mnarani atapanda nani. Kazi alipata kijana tuliyesoma naye darasa moja.

Sasa tuwe wakweli. Kisa hicho peke yake hakithibitishi kwamba sekta nzima inabagua. Pengine yule kijana alijibu vizuri kuliko mimi. Sikuwemo chumbani alipoulizwa yeye. Hata kwa wenzetu Marekani, Ellen Pao alipoishtaki kampuni ya uwekezaji ya Kleiner Perkins kwa ubaguzi wa kijinsia, mwaka 2015 jopo lilikataa madai yake yote. Hapo kamanda wangu ana hoja, simnyimi.

Ila aangalie kisa cha Susan Fowler. Alikuwa mhandisi wa Uber, hao hao wa magari ya kuitia kwenye simu. Februari 2017 aliandika yaliyompata kwa mwaka mmoja aliokaa pale. Bosi wake alimtumia meseji za kumtaka kimapenzi, siku ya kwanza tu ndani ya timu. Akazipeleka idara ya rasilimali watu. Akaambiwa ni kosa la kwanza la bwana huyo, mchapakazi mzuri, asiharibiwe kazi. Angeishia hapo, tungesema ni kisa cha mtu mmoja. Baadaye akaanza kuzungumza na wanawake wengine mle ndani, kumbe nao waliwahi kumripoti bwana yule yule, na wengine wakaambiwa maneno yale yale: kosa la kwanza! Yaani uongo haukuonekana kwenye kisa kimoja, ulionekana visa vilipokaa meza moja. Na hesabu aliziweka pia: anaandika kwamba alipojiunga, wanawake kwenye kitengo chake walikuwa zaidi ya asilimia 25, na alipotaka kuhama walikuwa wamebaki chini ya asilimia 6. Kufika Juni mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 20 walikuwa wamefukuzwa, na Travis Kalanick akajiuzulu uongozi wa kampuni.

Makamanda, mbinu hiyo sisi hatuijui? Mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wetu walienguliwa, na kila mmoja akaambiwa kosa ni lake, hakujua kujaza fomu. Mmoja mmoja ilionekana ni uzembe wake. Tulipoanza kulinganisha fomu ndipo tukaelewa. Hatukukubali kuitwa "visa binafsi" siku ile, kwa nini leo tuwaambie hivyo akina dada?

Halafu hizo takwimu anazo nani? Walioomba kazi wangapi, walioitwa wangapi, nani analipwa kiasi gani: yote yamo kwenye kabati la mwajiri. Kunidai mimi ni kumwambia aliyeibiwa kuku alete manyoya kutoka jikoni kwa mwizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ililiona hilo. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kinamlinda hata anayeomba kazi tu. Mlalamikaji akishaweka msingi wa kuaminika, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi. Basi chama chetu kidai mipango ya kampuni za simu na intaneti iwekwe hadharani, pamoja na idadi ya waliowaajiri. Hiyo ndiyo "lete takwimu" inayokwenda kwa mwenye nazo.

Baada ya kikao dada wawili walinifuata nje. Mmoja aliulizwa swali lile lile la ujauzito, kampuni ile ile, mwaka mwingine. Nimenunua daftari: tarehe, kazi iliyotangazwa, swali lililoulizwa, nani alikuwepo, kuna meseji au hakuna. Asiye na uhakika wa tarehe naandika hivyo hivyo kwamba hana uhakika.

Jumamosi napanda gari kwenda Matai. Kuna dada kule amenipigia, anasema barua aliyoandikiwa bado anayo. Kamanda wangu, ukipata nafasi twende wote ukaisome mwenyewe.