Sanaa ya Mtaani si Mgeni Ukumbini

Kila kazi yenye magazeti yaliyochanwa, stika za matatu au rangi ya kupuliza inapotundikwa katika ukumbi wa maonyesho, maneno yale yale husikika, Nairobi na Nakuru vilevile. Wanaoyasema ni watu wenye heshima zao, baadhi yao walimu, na vijana huwasikiliza. Ndiyo maana nataka kuyajibu.

Dai la kwanza: kolaji ni kukata na kubandika tu, hata mtoto wa chekechea ataweza. Mkasi na gundi ni vya wote, na kalamu nayo ni ya wote. Kazi iko katika kuchagua. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alichukua michoro ya zamani ya udaktari inayoonyesha uvimbe wa mji wa mimba, akaigeuza nyuso kwa vipande vya picha za majarida: midomo, macho, ngozi. Ukiitazama unaona uso wa mwanamke, na papo hapo unaona jinsi mwili huo ulivyochunguzwa na wengine na kuuzwa na wengine. Brashi peke yake isingefika hapo, kwa kuwa karatasi hizo zilikuwa na kazi nyingine duniani kabla ya kumfikia msanii, na kazi hiyo ya kwanza bado inaonekana.

Dai la pili hunikera zaidi: kwamba haya yote ni kuiga Paris na New York. Ni kweli Picasso alibandika kipande cha kitambaa cha meza kwenye picha yake mwaka 1912. Ni kweli pia kwamba Jacques Villeglé na Raymond Hains walianza mwaka 1949 kubandua mabango yaliyochanika kwenye kuta za Paris na kuyafanya sanaa. Lakini aliyekulia katika nyumba ya mbao kule Molo au Elburgon, ambako baridi hupenya kila ufa, ameiona kolaji kabla ya kusikia jina la Picasso. Kurasa za Taifa Leo zilibandikwa ukutani kwa uji wa unga, juu yake kalenda, juu ya kalenda picha ya mwanasoka iliyokatwa gazetini, mwaka baada ya mwaka. Kisha itazame nganya, matatu iliyopambwa, ikiingia mjini: uso wa Bob Marley, aya ya Biblia, nembo ya Arsenal, jina la mtaa, taa za rangi. Kila kimoja kimetoka kwake, na fundi amevipanga vikazungumza pamoja. Dennis Muraguri, mzaliwa wa Naivasha, amejijengea jina kwa chapa za mbao zinazoonyesha matatu na watu wake. Hayo aliyapata stendi.

Wengine husema grafiti ni uhuni. Kuchora ukuta wa mtu bila idhini yake ni kosa, sitalitetea. Ila michoro mingi ya mitaani kwetu huagizwa na kulipiwa na mwenye kinyozi, bucha au baa. Joseph Bertiers, ambaye picha zake zimevuka bahari, alianza kwa kuchora mabango ya biashara. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoyavalisha matatu mstari wa njano badala ya michoro mwaka 2004, waliopigwa na hasara walikuwa mafundi waliokuwa wakilisha familia kwa brashi. Na tusisahau mwaka 2008. Damu ilipomwagika Nakuru na Naivasha baada ya uchaguzi, na Kibera ikawaka, kijana aitwaye Solo7 alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati. Mwaka uliofuata, maonyesho ya Picha Mtaani yaliziweka picha za ghasia hizo barabarani, wananchi wazitazame bila kiingilio. Nani mhuni hapo?

Dai kwamba Nakuru ina ufundi wa jadi tu, kwa sababu UNESCO iliitambua mwaka 2021 kama mji wa ufundi na sanaa za kienyeji, halihitaji jibu refu. Mchoraji wa matatu ni fundi. Naye mchoraji Sane Wadu, ambaye zamani nguo alizozipaka rangi mwenyewe ziliwafanya watu waseme amerukwa na akili, anaishi Naivasha, ndani ya Kaunti hiyo hiyo ya Nakuru. Mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI jijini Nairobi ilimwandalia maonyesho ya kazi zake za miaka mingi.

La mwisho lina uzito: sanaa ya mtaani ikifika ukumbini imekufa. Sehemu yake naikubali. Ukutani pale ndani hapana vumbi, hapana mpita njia anayeijibu kwa mkaa. Lakini mtaani nako haidumu. Duka likipata mwenyewe mpya, ukuta hupakwa rangi upya, na gari likiuzwa michoro yake hukwanguliwa. Ukumbi unaweza kuihifadhi. Nisichokubali ni ukumbi kuuchukua mtindo na kumwacha fundi, kisha kuandika chini ya kazi kwamba "imechochewa na mtaa". Mtaa upi? Fundi gani? Wachoraji wa mabango wana majina, na wengi huandika namba ya simu kwenye kona ya kazi zao. Anayeandaa maonyesho aipige namba hiyo mapema, akubaliane na fundi malipo, na aliandike jina lake kwa herufi kubwa sawa na za msanii aliyesomea chuoni.